Raifo ya wenzo au raifo ya bolti kwa mtu anayetaka bunduki moja tu: naomba ulinganisho

Mgeni_wa_Kaskazini (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Nina nia ya kununua bunduki yangu ya kwanza kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa, na nimebaki na machaguo mawili ambayo kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. La kwanza ni bunduki ya wenzo, ile inayokokiwa kwa kusukuma chini na mbele kikono kilichozunguka kifyatulio kisha kukirudisha mahali pake. La pili ni bunduki ya bolti, ambayo unainua mkono wa bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu), unauvuta nyuma, unausukuma mbele na kuulaza.

Sitaki kuwa na bunduki mbili wala tatu ndani ya nyumba. Nataka moja itakayofaa kwa kuwinda, kwa kulinda mifugo dhidi ya wanyama wakali, na kwa mazoezi ya shabaha. Bajeti yangu ni ya kawaida. Dukani nilizishika zote mbili, na ile ya wenzo ilinikaa mkononi vizuri zaidi, lakini muuzaji alishikilia kwamba anayeanza achukue bolti. Naomba hoja zenu.

Dada_wa_Alberta

Karibu, ndugu. Kwa maelezo uliyotoa hakuna mtu anayeweza kukushauri kwa uaminifu. Uko nchi gani na jimbo gani? Unawinda mnyama yupi, katika msitu mnene au mahali pa wazi? "Bajeti ya kawaida" ni dola ngapi, na je, darubini imo ndani ya bajeti hiyo? Una hadhi gani ya ukaazi? Swali hili la mwisho si la udadisi. Kama uko Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye ukaazi wa kudumu kununua bunduki, ilhali aliyeingia kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha, kama ule wa mwenye leseni halali ya kuwinda.

Mimi niko Alberta, Kanada, upande wa tambarare, ambako mnyama anaweza kusimama mita 250 mbele yako na pasiwe na kichaka cha kujificha ili umsogelee. Kwa mazingira yangu sina haja ya kufikiri mara mbili: natumia bolti yenye darubini, inayopiga risasi aina ya 6.5 Creedmoor. Lakini hayo ni mazingira yangu, wala siwezi kukuvika viatu vyangu.

Wenzo_Daima

Mimi sihitaji kusubiri majibu hayo. Chukua wenzo unaopiga risasi ya .30-30 na utanishukuru. Niko Vermont, na misitu ya huku haimpi mtu nafasi ya kumwona kulungu zaidi ya mita 80 mara nyingi. Risasi ya .30-30 ilitoka mwaka 1895 kwa ajili ya Winchester Model 1894, bunduki aliyoibuni John Browning na ambayo imetengenezwa zaidi ya milioni saba. Watu hawakuinunua kwa wingi huo kwa sababu ya sinema. Ina uzito wa kilo tatu hivi, ni nyembamba na bapa ubavuni, na unaweza kuibeba kwa mkono mmoja, ukiwa umeishika pale inapopata mizani, kutwa nzima bila mkono kuchoka. Bolti yenye darubini kubwa juu yake haina mahali pa kushika pazuri kama hapo.

Kuna pia jambo la risasi ya pili. Mwenye wenzo hakoki kwa kuondoa bunduki begani. Shavu linabaki kwenye kitako, macho yanabaki kwa mnyama, na mkono ule ule unaovuta kifyatulio ndio unaokoki. Aidha, unaweza kuongeza risasi moja moja kupitia mlango wa ubavuni huku chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapofyatuliwa, ikiwa tayari na risasi yake.

Mzee_wa_Rungwa

Salamu kwenu wote kutoka Tanzania. Nimefanya kazi ya kufuata nyayo na kuwaongoza wageni katika mapori ya akiba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimeona bunduki za kila aina zikishuka kwenye magari ya wageni hao. Nasema bila kusita kwamba bunduki ya mtu mmoja mwenye bunduki moja ni bolti, na ikiwezekana bolti ya mfumo wa Mauser wa mwaka 1898.

Sababu yangu ni ukucha mrefu wa chuma ulio ubavuni mwa bolti hiyo. Risasi inapotoka kwenye magazini (sehemu inayohifadhi risasi), ukucha huo unaikamata kwenye ukingo wa ganda na kuishikilia hadi inaingia chemba, na baada ya kufyatua unaishikilia tena hadi inatupwa nje. Ukielekeza mtutu juu au chini, ukiwa umelala au umesimama juu ya kichuguu, risasi haina mahali pa kupotelea. Mtu anayemfuata nyati aliyejeruhiwa ndani ya majani marefu anahitaji uhakika wa namna hiyo kuliko anavyohitaji wepesi wa kubeba.

Wenzo_Daima amesifia sana risasi ya pili. Mimi niliwafundisha vijana waliokuwa chini yangu kuitukuza risasi ya kwanza. Mnyama aliyepigwa vizuri kwa risasi ya kwanza hakuachi ukilala macho usiku ukijiuliza yuko wapi na anateseka namna gani.

Wenzo_Daima

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, lakini ndugu yetu hatafuti nyati. Hata risasi za .30-30 nadhani huko kwenu ni vigumu kuzipata dukani, kwa hiyo mizani yetu haifanani.

Mzee_wa_Rungwa

Marahaba. Ni kweli, huku utapata .30-06, .308, .375 na .458 kwa wanaoruhusiwa kuwa nazo, na bunduki ya wenzo ni kitu cha kuonyeshana. Lakini uhakika wa risasi kuingia chemba haubadiliki kwa sababu mnyama ni mdogo.

Mgeni_wa_Kaskazini

Ahsanteni sana, na hasa dada wa Alberta kwa maswali yake. Niko Marekani, jimbo la Maine, nje kidogo ya Lewiston, na nina ukaazi wa kudumu. Nina eneo dogo lenye kuku na mbuzi, na msitu unaanzia nyuma ya banda. Jirani yangu, mzee ambaye ametusaidia sana tangu tuhamie hapa, amenialika nifuatane naye mwezi wa Novemba kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Kozi ya usalama wa wawindaji nimeshaimaliza. Bajeti yangu ni dola 900, na darubini ikiwa ni lazima imo humo humo. Wanyama wanaosumbua mifugo ni koyote (kama mbwa mwitu wadogo) na mbweha. Dubu weusi wapo, ingawa sijawahi kumwona akisogea bandani.

Fundi_Mitutu

Sasa tunaweza kuzungumza. Mimi ni fundi wa bunduki, niko Pennsylvania, na aina zote mbili hupita mezani kwangu kila wiki. Nitaeleza tofauti jinsi chuma kinavyozionyesha, kila mtu apime mwenyewe.

Bolti ya kawaida hufungwa kwa meno yaliyo mbele kabisa, yanayojikita karibu na chemba. Mkono wake unapoinuliwa, mzunguko ule una mteremko uliochongwa ndani yake, ambao unalivuta ganda nyuma taratibu lakini kwa nguvu kubwa kabla hujaanza kuvuta kwa mkono. Ganda likiwa limebana kwa uchafu, kwa barafu au kwa risasi yenye baruti kali, nguvu hiyo ndiyo inayoling'oa. Wenzo wa jadi, kama Winchester 94 au Marlin 336, hufungwa nyuma ya bolti kwa kipande cha chuma kinachopanda, na huvuta ganda moja kwa moja bila msaada wa mzunguko. Kwa risasi za shinikizo la wastani kama .30-30 mfumo huo unatosha kabisa. Kwa risasi za shinikizo kubwa hautoshi, na ndiyo maana hutapata Marlin 336 ya .308 Winchester.

Jambo la pili ni magazini. Wenzo nyingi zina bomba chini ya mtutu, ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, na kichwa cha iliyo nyuma hugusa fataki (kidude kinachowasha baruti) ya iliyo mbele. Kichwa chenye ncha kali ndani ya bomba hilo kinaweza kuipiga fataki wakati bunduki inaporuka, na risasi ikalipuka humo humo. Kwa sababu hiyo risasi za .30-30 zimekuwa na vichwa bapa tangu zamani, na kichwa bapa hupambana vibaya na hewa. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Hornady ilileta vichwa vyenye ncha laini inayobonyea, ambavyo vimepunguza pengo, ingawa havijalifuta.

Kwa takwimu za kawaida za viwandani, .30-30 yenye kichwa cha greni 170, yaani gramu 11, hutoka kwa kasi ya mita 670 kwa sekunde, na .308 yenye kichwa cha greni 150 hutoka kwa mita 860 hivi. Ukizilenga zote mbili ziwe sawa kwenye mita 90, kwenye mita 180 ile ya kwanza itakuwa imeshuka kwa takriban sentimita 18 hadi 20, na ya pili kwa nusu ya hapo. Kwa msitu wa Maine tofauti hiyo huenda usiione kamwe. Ukisimama kwenye ukingo wa shamba lililofyekwa, utaiona.

Dereva_wa_Masafa

Naomba niseme lililonipata, kwa sababu mwaka ule hakuna aliyeniambia mambo haya.

Nilinunua bunduki ya wenzo iliyotumika, ya .30-30, kutoka kwa mtu binafsi. Jina la kiwanda sitaliandika. Ilikuwa nzuri kwa macho: mbao za mjozi, chuma cheusi kisicho na kutu, mtutu safi. Kwenye uwanja wa shabaha ilikubali kila risasi. Nikaenda nayo kaskazini mwa Wisconsin pamoja na rafiki yangu, theluji ikiwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Asubuhi na mapema dume la kulungu lilivuka mbele yangu, mita 60 hivi, likitembea. Nilifyatua. Lilipepesuka na kusimama, na nikaona wazi kwamba risasi imeingia nyuma ya mapafu. Nikasukuma wenzo ili nimalize kazi haraka kama inavyopaswa, ukafika katikati ukagoma. Haukwenda mbele, haukurudi nyuma.

Nilichungulia kwenye tundu la ubavuni na kuona kilichotokea. Risasi ya pili ilikuwa imetoka kwenye bomba wakati kijiko kinachopandisha risasi hakijawa mahali pake, ikapenya chini ya kijiko, ikakifunga kisipande wala kushuka. Nilijaribu kuisukuma kwa kidole, kwa kisu, kwa kila kitu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Wakati wote huo mnyama alikuwa amesimama pale, kichwa kimeinama, kisha akaanza kutembea polepole kuelekea kwenye kinamasi. Nilimtazama akienda. Bisibisi ilikuwa ndani ya gari, na bila bisibisi huwezi kulegeza skrubu ya wenzo ili kuutoa, kisha kuchomoa bolti na kuiokoa ile risasi.

Rafiki yangu alifuata damu hadi alasiri ndipo akampata na kummaliza kwa bolti yake ya .308. Kilo nyingi za nyama ziliharibika kwa sababu tumbo lilikuwa limetobolewa na muda ulikuwa umepita. Fundi aliyeifungua baadaye alinionyesha kidonda kilichochimbwa kwenye kijiko na ncha ya wenzo kwa miaka mingi ya matumizi, kidogo kama ukucha wa mtoto. Kwa sababu ya kidonda kile kijiko kilikuwa kinachelewa. Tangu hapo nina bolti, na nitakufa nayo.

Wenzo_Daima

Pole sana, ndugu. Hata hivyo, ninavyojua mimi, asilimia kubwa ya mikwamo ya namna hiyo husababishwa na mkono unaosita. Mtu akishikwa na wasiwasi mbele ya mnyama, anasukuma wenzo nusu, anaurudisha, na risasi inabaki njiani. Wenzo unataka kusukumwa hadi mwisho, kwa uthabiti.

Dereva_wa_Masafa

Ndugu, nimeeleza kwamba kijiko kilikuwa kimelika, na fundi alikiona kwa macho yake. Mkono wangu haukusita. Tena bolti nayo ikivutwa nusu haiingizi risasi, lakini haijifungi kiasi cha kuhitaji bisibisi porini.

Fundi_Mitutu

Nyote wawili mmesema jambo linalotokea kweli. Kusukuma nusu kupo, na kijiko kilicholika kipo pia, hasa kwenye bunduki za zamani zilizofanya kazi nyingi. Tiba yake ni kubadilisha kijiko au kujaza chuma pale palipolika na kupasawazisha, na si kazi ya gharama kubwa. Anayenunua iliyotumika afungue wenzo polepole, atazame uso wa kijiko pale ncha ya wenzo inapogusa, na akiona mfereji aombe apunguziwe bei au aiache.

Niongeze kwamba bolti nayo ina magonjwa yake kwenye baridi. Nimeletewa nyingi ambazo mwenyewe alijaza grisi nzito ndani ya bolti, grisi ikaganda, pini ya kufyatulia ikatembea taratibu na kuigusa fataki bila kuiwasha. Kwa Maine ya Novemba, ama safisha grisi yote na kupaka mafuta mepesi kidogo sana, ama uiache kavu.

Mtunza_Kumbukumbu

Mimi niko Mombasa na si mwindaji, kwani Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, lakini napenda historia ya safari zile za zamani. Imesemwa hapa kana kwamba wenzo haujawahi kufanya kazi kubwa katika nchi zetu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipotua hapa Mombasa mwezi Aprili 1909, miongoni mwa bunduki alizokuja nazo ilikuwamo Winchester Model 1895 ya .405, na ndiyo aliyoitegemea kwa simba. Hiyo ni bunduki ya wenzo, tena yenye magazini ya sanduku badala ya bomba, kwa hiyo haikuzuiwa kutumia vichwa vyenye ncha. Urusi nayo iliagiza karibu 300,000 za aina hiyo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wenzo haukuzaliwa kwa ajili ya vichaka peke yake.

Mzee_wa_Rungwa

Ahsante kwa kumbukumbu hizo, lakini zimalizie. Roosevelt huyo huyo alikuwa na Springfield ya bolti, na kwa tembo alikuwa na bunduki ya mitutu miwili kutoka Holland & Holland. Hakuja na wenzo peke yake. Na katika muongo huo huo, mwindaji wa tembo W. D. M. Bell alikuwa Karamoja, Uganda, akiwaua tembo kwa bolti ya .275 Rigby, risasi ndogo kuliko ambayo mwindaji yeyote wa leo angethubutu au angeruhusiwa kuitumia kwa kazi hiyo. Aliweza kwa sababu alijua ubongo wa tembo umekaa wapi kutoka kila upande. Simsifu kwa idadi ya tembo aliowamaliza, maana mapori yalilipa gharama ile. Nataja ili ieleweke kwamba bunduki inayoaminika na mkono unaojua shabaha ndivyo vilivyobeba kazi.

Kuhusu majeshi, hata Urusi ilichukua zile za wenzo kwa kuwa viwanda vyake havikuweza kutoa bolti za kutosha. Askari aliyelala kifudifudi hupata taabu kushusha wenzo bila kugonga ardhi.

Dada_wa_Alberta

Hilo la mwisho alilosema mzee lina maana hata kwa mazoezi yako, ndugu Mgeni. Ukiwa mezani kwenye uwanja wa shabaha, bunduki ikiwa juu ya mifuko ya mchanga, wenzo unagonga meza au unakulazimisha kuinua bunduki kila mara, na mtu anayejifunza anahitaji bunduki itulie. Vilevile bunduki za bolti za siku hizi, hata zile za bei nafuu kama Ruger American au Savage Axis, huja na mtutu usiogusa kiunzi kilicho chini yake, ndiyo maana zinapiga mahali pamoja kwa namna ambayo miaka 40 iliyopita ungeilipia fedha nyingi. Mtutu wa wenzo wa jadi umefungwa pete na kubebeshwa bomba, na ukipata joto tabia yake hubadilika.

Kwa bajeti ya dola 900, bolti mpya ya aina hizo utaipata kwa chini ya dola 600, ukabaki na fedha ya darubini ya kawaida na risasi za kujifunzia. Marlin 336 mpya, ambayo Ruger walianza kuitoa tena mwaka 2023 baada ya kulinunua jina hilo kutoka Remington mwaka 2020, inakaribia au kuzidi dola 1,000 kabla hujaweka kitu juu yake.

Nina swali moja ambalo nilipaswa kuanza nalo. Unalenga kwa mkono upi?

Mgeni_wa_Kaskazini

Mimi natumia mkono wa kushoto, na hata jicho langu lenye nguvu ni la kushoto. Sikudhani kwamba lina uzito, kwa sababu kwenye kozi nilitumia bunduki waliyonipa.

Wenzo_Daima

Ndugu yangu, hilo ndilo lilikuwa la kwanza kuandikwa! Bolti iliyo dukani kwa kawaida ina mkono wake upande wa kulia. Wewe wa kushoto utalazimika ama kuachia mkono wako wa kifyatulio na kuuvusha juu ya bunduki, ama kutumia mkono wa kulia unaoshikilia mtutu, na vyote viwili vinaivuruga shabaha. Wenzo hauna kulia wala kushoto. Ndiyo maana ulikukaa vizuri dukani.

Fundi_Mitutu

Kweli, uzito wake ni mkubwa. Lakini bolti za mkono wa kushoto zipo: Savage wanazo katika familia ya Model 110, Tikka wanazo katika T3x, na kwenye soko la zilizotumika hupatikana mara kwa mara, ingawa chaguo la kaliba, yaani aina za risasi, ni finyu na si kila duka lina hata moja rafuni. Njia ya katikati ni Browning BLR, bunduki ya wenzo yenye magazini ya sanduku na bolti inayozunguka na kufunga kwa meno ya mbele, kwa hiyo inapiga .308 bila taabu. Kasoro yake kwa ndugu yetu ni bei.

Dereva_wa_Masafa

Na ni mashine yenye magurudumu ya meno ndani, isiyofunguliwa na mtu yeyote jikoni kwake.

Abu_Hafsa

Assalaam alaykum. Nimefuatilia kimya, na nataka kuuliza jambo kwa sababu wengi wetu huku tunawinda ili tupate nyama ya halali. Masheikh wengi wa leo wanakubali windo la bunduki ikiwa Bismillahi imetajwa wakati wa kufyatua na risasi imetoboa, na ukimkuta mnyama bado ana uhai wa wazi ni lazima umchinje. Je, hili halifanyi risasi ya pili ya haraka kuwa na umuhimu zaidi, na hivyo kuupa wenzo nafasi?

Mzee_wa_Rungwa

Waalaykum salaam. Kwa uzoefu wangu linaipa nafasi ile bunduki ambayo mtu ameizoea hadi haitazami. Nimewaona wazee wenye bolti wakitoa risasi ya pili kabla mwangwi wa kwanza haujatulia. Beba kisu kikali, na usimkaribie mnyama kwa upande wa miguu.

Wenzo_Daima

Kwa upande wa sheria, mkumbuke pia kwamba Maine hairuhusu kuwinda Jumapili, na katika msimu wa kulungu kwa bunduki ni lazima kuvaa nguo mbili za rangi ya machungwa inayong'aa, kofia na kizibao.

Dada_wa_Alberta

Na bunduki ndefu yenye risasi hairuhusiwi ndani ya gari huko, jambo linalotuleta kwenye kutoa risasi. Kwenye wenzo nyingi za bomba, kutoa risasi ni kuzipitisha zote, moja baada ya nyingine, kwa kuusukuma wenzo, huku nyundo ikiwa imekokiwa kila mara. Kwa bolti yenye magazini ya kuchomoa unatoa magazini, unafungua bolti, unaitazama chemba, basi. Mtu aliyechoka, giza linaingia, vidole vina baridi na mtoto anamsubiri mlangoni, ningependa awe na hatua chache. Baadhi ya bunduki za wenzo za kampuni ya Henry huruhusu kuvuta bomba la ndani na kuzimimina risasi kwa mbele, na hizo ningezitazama kwanza kama ningekuwa wa wenzo.

Mpenda_Shotigani

Kwa nini hakuna aliyetaja shotigani? Kwa koyote bandani na kulungu kwa risasi moja nzito inatosha.

Fundi_Mitutu

Kwa banda inafaa, lakini mwanzisha mada ameuliza raifo, na jirani yake anawinda kwa raifo. Tusimpoteze.

Mgeni_wa_Kaskazini

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimezunguka leo na nimepata mbili. Moja ni bolti ya mkono wa kushoto ya .308, iliyotumika, dola 550 pamoja na darubini. Nyingine ni wenzo wa .30-30, umetumika pia, dola 700 bila darubini, na unatupa maganda kwa juu. Jirani amesema nitaweza kujaribu wenzo wake Jumamosi kabla sijaamua. Moyo wangu bado uko kwenye wenzo, nakiri, ila simulizi ya ndugu Dereva imenikaa.

Fundi_Mitutu

Inayotupa maganda kwa juu huenda ni Winchester ya kabla ya miaka ya 1980. Darubini haitakaa katikati juu yake, kwa hiyo hesabu vilengeo vya chuma peke yake. Kwa ile bolti, chomoa bolti na utazame mtutu kwa kurunzi kutoka nyuma, kisha pima urefu wa kitako kwenye mkono wako ukiwa umevaa koti la baridi, si fulana.

Wenzo_Daima

Vilengeo vya chuma kwa mita 80 ni vya kutosha, na haviingii ukungu.

Dada_wa_Alberta

Haviingii ukungu, lakini saa kumi na nusu ya Novemba, jua likiwa limezama nyuma ya misonobari, darubini hukuonyesha pembe na kile kilicho nyuma ya mnyama. Anayeanza anahitaji kukiona kilicho nyuma.

Dereva_wa_Masafa

Ndugu Mgeni, Jumamosi omba risasi bandia za mazoezi, uzijaze kwenye bomba la jirani yako na uzipitishe zote bila kusimama, kwanza haraka, kisha taratibu. Fanya hivyo hivyo na ule wa dola 700 kabla hujatoa hata senti. Muuzaji akikataa, rudisha bunduki kaunta na uondoke.